KASETI KUUKUU: NI DHAHABU AU NI KUMBUKUMBU?

Mwezi huu niliombwa niandike juu ya watoto kurudi shuleni. Nilianza kuandika, lakini mkono ukakataa. Kuna jambo lingine lililonikaa rohoni tangu wakati wa mvua, na naona ni afadhali nilitoe hapa mbele yenu, kwa sababu mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Jambo lenyewe ni la gemu. Sisemi hizi gemu za kwenye simu ambazo watoto wetu wanamalizia chaji. Nasema zile mashine za kitambo, za kuunganisha na televisheni ya kichogo, zenye kaseti za plastiki na waya mrefu wa kushikia mkononi. Waliotoka Bunia, Bukavu, Goma au Uvira wanazijua. Karibu kila mtaa ulikuwa na chumba kimoja chenye benchi, jenereta nje, na kijana mmoja wa kukusanya hela. Ukifungwa, unainuka na mwingine anakaa.

MGENI MWENYE BAHASHA

Katika mtaa wetu kuna mama mmoja tuliyevuka naye Ziwa Albert mwaka 2018, mtumbwi mmoja, usiku mmoja. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na chumba cha gemu kule Tchomia. Siku ile ya kukimbia, kijana aliweka mashine yake na kaseti kumi na moja ndani ya mfuko wa mchele, akampa mama yake, akasema anarudi kutafuta petroli ya mtumbwi. Mtumbwi uliondoka bila yeye. Mpaka leo hakuna habari yake. Ule mfuko mama ameuweka chini ya kitanda, umefungwa na kitenge.

Basi, wakati wa mvua alikuja mtu juu ya pikipiki. Shati safi, bahasha ya kaki, simu kubwa. Alikaa na vijana, akawaonyesha picha ya kaseti moja ya gemu na chini yake bei: dola milioni mbili. Akasema wazungu wanatafuta gemu za zamani, na sisi tuliotoka Kongo tunazo nyumbani bila kujua. Kazi yake ni kuandikisha. Unatoa shilingi 60,000, unampa kaseti moja ya mfano, na baada ya wiki mbili anakuja na wanunuzi.

Yule mama alinijia jioni, nikiwa nasahihisha madaftari.

«Mwalimu, ule muntu anasema hii kaseti ya mutoto wangu iko na bei ya kujenga nyumba. Ni kweli?»

Wasomaji wangu, mimi nilikuwa nimekwisha kuona habari ile kwenye simu. Kichwa cha habari tu, sikusoma chini. Lakini nani atapenda kumwambia mzazi «sijui», wakati anamwita mwalimu? Nikamjibu: «Mama, ni kweli zinauzwa. Jaribu tu.»

Akajaribu. Alitoa zile 60,000 kwenye karo ya binti yake mdogo. Akatoa na kaseti. Na kwa kuwa yule mtu alisema mfano uwe mzuri kuliko zote, alitoa ile ya manjano ambayo mwanawe aliipenda, ile aliyoandika herufi za jina lake kwa kalamu ya buluu. Mtaani kwetu walitoa watu tisa. Mimi pia nilitoa, kwa ajili ya pedi mbili za PlayStation nilizokuwa nazo. Wiki mbili zikapita, kisha nne. Namba ikawa haipatikani.

Baada ya hapo nilianza kwenda kila Jumamosi kwenye chumba cha kompyuta cha vijana, saa moja moja, nisome chini ya kile kichwa cha habari. Haya ninayowaandikia ndiyo niliyopaswa kumjibu mama jioni ile.

HABARI YENYEWE HAIKUWA UONGO

Uongo mzuri hujengwa juu ya ukweli, na hapa ukweli upo. Mwezi wa saba mwaka 2021, huko Marekani, kaseti ya gemu inayoitwa The Legend of Zelda iliuzwa mnadani kwa dola 870,000. Siku mbili baadaye, kaseti ya Super Mario 64 iliuzwa kwa dola 1,560,000. Mwezi uliofuata, Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ikauzwa kwa dola milioni 2. Hii ndiyo picha tuliyoonyeshwa.

Lakini sikilizeni sehemu ambayo mgeni hakusema. Ile Super Mario 64 si gemu adimu hata kidogo. Ilitoka mwaka 1996, na zilinunuliwa karibu milioni 12 duniani. Ukipata moja iliyotumika, bila boksi, unaiuza kwa makumi ya dola tu. Na Super Mario Bros. ya kawaida, ile iliyochezwa na watoto mpaka karatasi ikabanduka, ni dola kama 10 au 20. Gemu ni ile ile, jina ni lile lile. Mbona moja ni nyumba ya ghorofa na nyingine ni kuku wawili?

Sababu ziko nne, na ninaomba mzishike.

Ya kwanza: haijafunguliwa. Zile zilizouzwa kwa mamilioni hazijawahi kuchezwa hata siku moja. Zimo ndani ya boksi lake, na ile nailoni ya kiwandani haijachanika. Labda mtu aliinunua, ikasahauliwa kabatini, basi. Kwa wakusanyaji kuna ngazi tatu: iliyofungwa bado, iliyofunguliwa lakini ina boksi na kitabu chake, na kaseti uchi. Kila ukishuka ngazi, bei inaanguka sana.

Ya pili: imepimwa. Kuna kampuni za kupima hali ya gemu. Wanaangalia kona za boksi, rangi, nailoni, kisha wanatoa alama hadi 10 na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Ile Super Mario 64 ilipata 9.8. Alama kidogo chini ya hapo, na bei inakuwa nyingine kabisa.

Ya tatu: ni chache kweli. Mwaka 1990 kampuni ya Nintendo ilifanya mashindano Marekani, ikatengeneza kaseti maalum: za kijivu 90, na za rangi ya dhahabu 26 tu. Hizo hata zikiwa uchi wanazigombania, kwa sababu haziwezi kuongezeka. Lakini uchache peke yake hautoshi. Lazima wawepo watu wanaoitaka. Sufuria yangu iliyotoboka ni moja tu duniani, na hakuna anayeniuliza bei.

Ya nne: ni ya asili, yaani ilitoka kwa mwenye jina lake. Hapa ndipo sisi tunapokwama, na nitaeleza.

Tena, hata bei zile kubwa si za kutegemea. Ile ya dola milioni 2 ilinunuliwa kupitia kampuni ambayo watu wengi huchanga hisa katika kitu kimoja. Mwaka ule ule wa 2021, wajuzi walianza kuuliza kama bei zilikuwa zinapandishwa kwa makusudi, na mwaka 2022 kesi ilifunguliwa mahakamani huko Marekani juu ya mambo hayo. Bei za gemu nyingi zilizofungwa zikashuka baadaye. Walionunua ghali wakabaki na boksi mkononi. Kwa hiyo msifikiri ni sisi wakimbizi tu tunaodanganyika. Tamaa haiulizi kama una pasipoti.

ZILE ZETU NI ZIPI?

Nintendo ni kampuni ya Kyoto, Japani, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za kuchezea. Mwaka 1983 ilitoa mashine iliyoitwa Famicom. Kwa Wamarekani ilibadilishwa sura na jina, ikaanza kuuzwa huko mwaka 1985 kwa jina la NES. Jumla zikauzwa karibu milioni 62.

Lakini sisi hatukufikiwa na hizo. Kilichotufikia ni nakala. Viwanda vya Taiwani na China viliiga ile Famicom, vikauza dunia nzima kwa majina mengi: Urusi waliiita Dendy, China Subor. Nyingine zilitengenezwa kwa umbo la PlayStation, zikaitwa Polystation, lakini ukifungua mfuniko hakuna CD, ni tundu la kaseti! Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo niliapa kwa wenzangu kwamba chumba cha gemu cha kwetu kilikuwa na PlayStation. Kumbe.

Kaseti zetu pia ni hivyo. Karatasi ya juu imeandikwa gemu elfu tisa na zaidi, ukihesabu unakuta labda kumi, zinarudiwa rudiwa kwa majina tofauti. Kwa mkusanyaji wa Ulaya au Marekani, hizi hazina bei kubwa. Wapo wanaozipenda kama historia, lakini hawatajenga mtu nyumba.

Ukitaka kujua uliyo nayo, angalia hivi:

1. Hesabu meno ya kaseti, zile alama za shaba chini. Ya Famicom na nakala zake ina 60. Ya NES ya Marekani na Ulaya ina 72.

2. Kama fundi akiifungua kaseti na badala ya chipu za mraba anakuta tone jeusi la gundi ngumu, mara nyingi hiyo ni nakala.

3. Kama una CD ya PlayStation ya kwanza, igeuze. Ya asili ni nyeusi chini. Zile za kwetu nyingi zilichomwa mtaani, ni za fedha au za kijani.

4. Boksi lipo? Kitabu kipo? Kama havipo, punguza matumaini.

Ile kaseti ya manjano ya mama jirani, niliyoikumbuka vizuri, ilikuwa ya gemu nyingi kwa moja, bila boksi, na imeandikwa kwa kalamu. Sokoni ingekuwa dola moja au mbili. Ningejua kuhesabu meno yake jioni ile, ingekuwa bado chini ya kitanda.

ALIYEANZISHA GEMU ALIKUWA MKIMBIZI

Katika kusoma kwangu nilikutana na jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha darasani. Mtu anayeitwa baba wa gemu za televisheni, Ralph Baer, alikuwa mkimbizi kama mimi na wewe.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922, katika familia ya Kiyahudi. Chini ya utawala wa Hitler alifukuzwa shule kwa sababu ya kabila lake tu. Mwaka 1938 familia ikakimbilia Marekani, miezi michache kabla ya usiku ule masinagogi yalipochomwa moto. Huko New York akiwa kijana alifanya kazi ya kiwandani kwa dola 12 kwa wiki. Akaona tangazo la masomo ya ufundi wa redio kwa njia ya posta. Akasoma, na mwaka 1940 akapata cheti, akawa fundi wa redio na televisheni. Baadaye alikuwa askari wa Marekani katika vita vya pili vya dunia, kisha akasomea televisheni chuoni.

Mwaka 1966 aliwaza hivi: watu wengi wana televisheni nyumbani, na kazi yao ni kutazama tu. Je, kama wangeweza kucheza nayo? Yeye na wenzake wawili kazini wakatengeneza boksi la kahawia lenye swichi. Kutokana na boksi hilo ikatoka Magnavox Odyssey mwaka 1972, mashine ya kwanza ya gemu ya nyumbani. Haikuwa na sauti wala rangi. Ulibandika karatasi ya plastiki yenye picha juu ya kioo cha televisheni ili uone uwanja. Mwaka 2006 Rais wa Marekani alimvalisha nishani ya taifa ya teknolojia, na vitu vyake vimewekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Alifariki mwaka 2014, akiwa na miaka 92.

Na hiyo kaseti tunayobishania bei yake? Hiyo ina historia ya mtu mweusi. Jerry Lawson alizaliwa New York mwaka 1940. Akiwa kijana alipata hela kwa kutengeneza televisheni za watu. Mwaka 1976 aliongoza kundi lililotoa mashine ya Fairchild Channel F, ya kwanza yenye kaseti za kubadilisha. Kabla ya hapo, gemu zilikuwa zimefungiwa ndani ya mashine. Ukizichoka, umekwisha. Lawson alisimulia kwamba alipokuwa darasa la kwanza, mwalimu wake aliweka kando ya dawati lake picha ya mwanasayansi mweusi George Washington Carver, akamwambia kwamba naye anaweza. Maisha yake yote hakuisahau picha ile. Alifariki mwaka 2011.

Walimu wenzangu wa kujitolea, tunaofundisha watoto themanini chini ya turubai moja, hiyo habari ni ya kwetu. Picha moja ya karatasi. Haina gharama.

THAMANI ISIYOANDIKWA KWENYE BEI

Mwaka 1983 biashara ya gemu ilianguka Marekani. Kampuni ya Atari ilikuwa na kaseti nyingi zisizonunuliwa, ikazipeleka kwa malori mpaka jangwani, karibu na mji wa Alamogordo, ikazifukia. Mwaka 2014 wakachimba, wakatoa kaseti kama 1,300, zimebonyea na kunuka. Mji ukauza mamia yake, ukapata zaidi ya dola 100,000. Gemu lile lile ambalo watu walilikataa likiwa jipya, walilinunua likiwa limetoka kwenye takataka. Kwa nini? Hawakununua gemu. Walinunua ile hadithi ya jangwani.

Kuna na jambo la kuhifadhi. Mwaka 2023 taasisi moja ya Marekani inayotunza historia ya gemu ilitoa uchunguzi: katika gemu za zamani zilizotoka huko kabla ya mwaka 2010, asilimia 87 haziuzwi tena mahali popote kihalali. Zilizobaki ziko mikononi mwa watu waliozitunza. Ndiyo maana kuna majumba ya makumbusho yanayokusanya hata mashine mbovu. Kitu kikipotea, kimepotea na elimu yake.

Halafu sisi wa Kongo tuna thamani yetu ya pekee katika mambo haya, ya uchungu. Ndani ya simu, kompyuta na mashine za gemu kuna vipande vidogo vinavyotengenezwa kwa tantalum, na tantalum hutoka kwenye koltani. Mwaka 2000 bei ya koltani duniani ilipanda kwa ghafla, halafu mwaka 2001 ikaanguka. Wazee wa Masisi na Walikale waliomo humu kambini wanakumbuka vijana walioacha shule wakaenda kuchimba, na wenye bunduki waliokuja nyuma yao. Umoja wa Mataifa uliandika ripoti mwaka 2001 juu ya vita na mali ya Kongo. Sisemi hivi ili mtoto aogope simu. Nasema ili mtu asije akatuambia kwamba hatuhusiki na mashine hizi, au kwamba tuliziona juzi. Udongo wa kwetu ulifika kwenye mashine hizo kabla yetu.

MASHAURI KWA FAMILIA

Kwa mwenye kitu cha zamani nyumbani, iwe gemu, redio, saa au noti za kale:

- Mnunuzi wa kweli ndiye anayetoa pesa. Anayekuomba wewe utoe kwanza, jina lolote aipe hiyo pesa, iwe ya kuandikisha, ya cheti au ya usafiri, huyo si mnunuzi.

- Usimpe mtu kitu aende nacho «kama mfano». Piga picha. Picha inatosha.

- Bei ya kweli si ile mtu anayoomba, ni ile kitu kilichouzwa. Mtu anaweza kuandika milioni juu ya jiwe. Uliza: kimoja kama hiki, katika hali kama hii, kiliuzwa kwa ngapi?

- Usitumie pesa ya chakula au karo kwa biashara ya bahati. Kwanza waulize watu wawili, na mmoja wao awe mtu asiyeogopa kusema «sijui». Mwalimu pia aulizwe mara mbili.

Kwa anayetaka kutunza mashine na kaseti:

- Usipulize mdomoni ndani ya kaseti. Najua, sote tulipuliza, na ilikuwa kama inakubali! Kumbe inayosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha. Mate yanaleta kutu kwenye shaba. Tumia pamba kidogo yenye spiriti, acha ikauke kabisa.

- Kaseti nyingine zina betri ndogo ndani ya kutunza ulipofika. Betri hiyo huchukua miaka mingi, kisha inakufa na kumbukumbu yote inafutika. Fundi anaweza kuweka nyingine.

- Weka mbali na unyevu wa sakafu na jua la bati. Mfuko wa mchele si mbaya, ila uwe mkavu.

- Usitupe televisheni ya kichogo ikiwa bado inawaka. Zile bunduki za plastiki za kupigia bata hazifanyi kazi kwenye televisheni bapa za sasa.

ILIYOKUWA CHINI YA KITANDA

Mwezi uliopita nilimwomba mama ruhusa, tukamwita fundi wa redio wa mtaa wetu. Alifungua mashine kwa utaratibu, na mama amekaa kwenye kigoda akitazama kila skrubu, kama mtu anayemwangalia daktari. Kilichokufa kilikuwa waya wa moto tu, na shaba zilikuwa na uchafu. Pamba, spiriti, waya mpya. Tukaipeleka kwa jirani mwenye sola kubwa na televisheni. Picha ilipotokea, ya buluu, na ule muziki wake mdogo, yule mama alishika mdomo. Miaka yote ile hakuwa ameusikia.

Bunduki ya plastiki tulikuwa tumeitoa kwenye mfuko pamoja na vitu vingine. Mtoto mmoja wa darasa langu alipoiona alirudi nyuma mpaka mlangoni. Tuliifunga kwenye kitenge, tukairudisha. Gemu za mpira na za magari zinatosha.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada, watoto wanacheza kwa zamu. Zamu tumeziandika ubaoni, na anayefungwa anainuka. Nimegundua watoto wangu wawili waliokuwa hawasomi namba sasa wanahesabu pointi haraka kuliko mimi. Binti wa mama ndiye mwenye ufunguo. Anajua kaseti zote kumi, na anajua ya kumi na moja haipo.

Nilikwenda kwa mama kuomba msamaha rasmi, nikiwa na shilingi 10,000 za kwanza kutoka kwenye posho yangu. Alizipokea. Hakusema si kitu, kwa kuwa ni kitu. Alisema: «Feza utaleta pole pole, mutoto yangu. Lakini andika mu gazeti, mungine asidanganywe.» Ndiyo maana mwezi huu hamkupata habari za kurudi shuleni.

Nimeshalipa 40,000. Zimebaki 20,000, na mpaka muhula ujao zitakuwa zimekwisha. Lakini kaseti siwezi kuilipa. Hata ningekuwa na ile ya dola milioni mbili, mama asingebadilisha, maana ile haina maandishi ya mwanawe.

Kwa hiyo namaliza na ombi. Kama wewe, au ndugu yako wa mtaa mwingine au wa mjini, umeona sokoni au kwa watoto kaseti ya manjano, karatasi yake imechanika kona, na juu imeandikwa herufi mbili kubwa kwa kalamu ya buluu, tafadhali ilete kwenye sanduku la jarida hili pale shuleni. Hatutauliza umeipata wapi. Haina bei yoyote kwako. Kuna nyumba moja tu inakothaminiwa.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.